Gesi ya Moyoni

Jumatatu, 6 Mei
Nimepanda ngazi za duka na kitambaa cha suti moja tu – moja! – nikakaa chini kama gunia. Kifua kinabana. Jirani yangu mshona viatu akauliza kama gesi imerudi. Nikamwambia imerudi na mizigo yake yote. Tangu Machi ananiita Fundi Gesi. Mwezi huo mke wangu ndiye aliyenichukulia majibu ya kipimo cha moyo, akasema daktari hajaona kitu, ni gesi tu. Nikaacha maharage. Na ninavyoyapenda!

Jumanne, 7 Mei
Nimeanguka juu ya meza ya kukatia. Mshona viatu kanikimbiza hospitali.
Daktari wa moyo anasema ule mshipa waliounyofoa mguuni miaka minane iliyopita, wakaushonea moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba, nao umeziba. Yaani kiraka nacho kinataka kiraka. Mguu wangu mwenyewe! Nimeuosha, nimeununulia viatu, na hii ndiyo asante yake.
Safari hii hawapasui. Wataingiza stenti – kijibomba cha wavu kilichopakwa dawa, ili nyama isiote ndani na kuziba tena.
Mke wangu akawa anakunja na kukunjua pindo la khanga. Nadhani ni hofu.

Alhamisi, 9 Mei
Kumbe hulazwi usingizi! Unalala macho wazi, waya unaingia kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni. Nikamtania nesi wasije wakakata kabla ya kupima. Puto likajazwa, kifua kikabana, kisha – pumzi! Pumzi tamu.
Daktari akafurahi, akaniambia: Mzee, afadhali umekubali, maana ulipokataa mwezi wa tatu nilisikitika sana.
Nilikataa nini?
Hii stenti. Mkeo alikuja akasema umegoma, hutaki kuguswa tena.
Kwenye skrini damu inapita vizuri, kila mtu anaitazama. Mimi nikatazama dari.

Ijumaa, 10 Mei
Gesi.

Jumapili, 12 Mei
Nyumbani. Nimemuuliza. Hakukana – bora angekana. Anasema walivyonipasua mara ile alikaa kwenye benchi la korido kutwa nzima, nikatolewa na mipira mdomoni kama maiti. "Nisingeweza kukaa pale tena, baba watoto. Nikasema labda itapita yenyewe."
Kwa hiyo mimi nife taratibu, wewe usikae kwenye benchi?
Akalia. Humu ndani kazi ya kuchekesha ni yangu. Nilitafuta utani, sikupata hata mmoja. Na ule wa gesi nimeutembeza mwenyewe mtaa mzima, nikicheka kuliko wote!

Jumatano, 15 Mei
Vidonge kila asubuhi, damu isigande kwenye stenti. Nikiruka siku, panaweza kuziba ghafla. Ni vingapi, ni vipi, maelezo yote alipewa nani? Yeye. Mimi nilikuwa bado wodini navaa viatu.
Ameniwekea viwili kwenye kisahani, kimoja cheupe, kimoja cha pinki. Nimeuliza, ni hivi tu?
"Ni hivi tu, baba watoto."
Sauti ileile ya Machi. Laini vilevile.
Chai inapoa. Amesimama mlangoni, mikono kwenye khanga, anasubiri nimeze. Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia mstari –