Ukurasa wa Pili Uko Ukutani

Maple Grove, Minnesota
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi barazani na kile kifua kimekuachia. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na nitakueleza aliyeichafua, ingawa nikifika mwisho utaona na mimi nimo.

Unamkumbuka yule mzee ninayemtunza, mchoraji Mbengali? Kwao Kolkata alikuwa mtu mkubwa. Alifundisha chuo cha sanaa miaka mingi, picha zake zikatundikwa hadi Dhaka na Delhi, kisha mkewe akafariki na binti yake akamleta huku, kwenye nyumba yenye zulia jeupe. Binti alidhani baba atapumzika. Hapumziki. Wala rangi peke yake haimtoshi. Hubandika magazeti, nyuzi, vipande vya sari kuukuu za marehemu mkewe, karatasi alizoloweka kwenye chai. Nyumba hii chai ikibaki haimwagwi, na sufuria yangu ya wali nimeikuta mara tatu imejaa magazeti. Nikilalamika, ananiambia kwa upole kwamba wali haujali sufuria. Na kila picha ni mwanamke ameketi. Ametoka ujana mpaka mvi akichora wanawake walioketi, na mimi humo ndani sipati hata dakika ya kukaa.

Basi mwezi jana akasema amenichora mimi, na picha itakuwa kwenye maonyesho Saint Paul. Kichwa kilinivimba, Mama, sikufichi. Nikasuka nywele. Nikawaalika kina mama wa kanisa letu kule Oakdale, tukaenda saba kwa magari mawili, Jumamosi mchana.

Nikajiona. Nimeketi kwenye kiti cha jikoni, nimejifunga leso kiunoni kama nikipika, miguu mikubwa kuliko niliyopewa na Mungu. Hayo ningeyasamehe. Lakini leso ilikuwa ya karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na Mama Njeri, mwenyekiti wetu, mtu asiyeweza kuona maandishi akayapita, alikuwa ameshasogea na miwani yake.

"Wakesho, mum yako anakuuliza kitu hapa," akasema. "Ume-reply?"

Ilikuwa barua yako. Ile ya mwezi wa pili. Ukurasa wa kwanza amenizungushia kiunoni, wa pili umeangukia magotini, na kina mama sita walikuwa wameinama mbele ya magoti yangu wakisoma mambo ya nyumbani kwetu.

Nilimfuata mzee pale alipokuwa akila biskuti, nikamwuliza ni nani alimpa ruhusa. Akashangaa kweli. Kwao, akasema, sari ya mama ikichakaa hushonwa ikawa shuka ya kumfunika mtoto, ndiyo maana alinivika maneno yako. Nikamwambia barua hiyo haikuwa imechakaa. Akanijibu kwamba ilikaa chini ya kopo la majani ya chai wiki mbili nzima, akadhani nimemaliza nayo.

Na ni kweli. Niliisoma jikoni kwake nikingoja maji yachemke. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mbuzi, kwaya na mvua, kisha mzee akaniita, nikaiweka chini ya kopo. Nikajua wa pili ni mbuzi tena. Mama, nakuomba radhi. Nimeusoma ukurasa wako wa pili jana, nimesimama, baada ya Mama Njeri.

Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kumbe daktari amekupa siku baada ya Pasaka, na unaogopa kisu. Uliniandikia utafanya nitakavyosema mimi, na kwamba nikinyamaza utajua sitaki. Nami nikanyamaza! Wiki sita nakupigia simu nakusimulia theluji, nawe unasema uko sawa, huku ukihesabu kwamba nimekukatalia. Jana nilipopiga kukuuliza habari za macho ukasema tu, "Niandikie," ukakata. Najua mke wa kaka Mwadime alikuwa hapo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mzee aliona. Aliniambia aliupenda mwandiko wako kwa sababu mistari inateremka, akataka kujua kama mwandishi anaona vizuri. Wewe, mwalimu uliyetuchapa kwa mstari uliopinda, unaandika ukiteremka hadi kona ya karatasi, na mimi nikadhani ulikuwa na haraka. Mgeni asiyejua neno la Kiswahili alikusoma kuliko mwanao.

Nilimtaka anirudishie. Akachukua kiwembe bila kubisha, tayari kuikwangua pale pale. Nikamshika mkono. Leso ikitoka, mimi nabaki uchi mbele ya washirika. Basi ikabaki, nami nikaunakili ukurasa wako wote nyuma ya karatasi ya maonyesho. Na usinikasirikie, lakini leo macho yako yameombewa Oakdale, kwa jina lako kamili, kwa kipaza sauti.

Sasa nisikilize. Jibu langu ni ndiyo. Nenda ukafanyiwe. Mwadime sitamwambia, najua atakubeba akufungie Mombasa na nyumba yako ifungwe. Mama Mdogo atakusindikiza, nimeshazungumza naye, na nimeomba likizo nije nikuwekee dawa ya macho mwenyewe. Mzee naye atajipikia, sufuria anazo.

Barua hii naituma kwa mkono wa mwenzangu wa kazini anayesafiri Jumanne, asiipe mtu ila wewe. Nimeiandika kwa kalamu nene ya mzee, herufi kubwa, maneno manne kwa mstari, ndiyo maana ni furushi. Sikutaka usomewe.

Nisalimie Mama Mdogo, msalimie mwalimu wa kwaya na jirani anayekuchotea maji. Mwadime na mkewe wape salamu tu, habari usiwape.

Na ukiweza kuisoma barua hii hadi hapa peke yako, bila kuita mtu, shika kalamu uniandikie mstari mmoja. Uteremke utakavyo. Nitausoma nikiwa nimeketi.

Mwanao aliyeishia ukurasa wa kwanza,
Wakesho