Sauti ya Kuazima

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sisi tunaendelea, ila mama hasemi tena. Juzi nilisasisha kompyuta yake, na ile programu uliyomtengenezea kwa sauti yako imegoma. Akiandika, haisomi, inadai kuna maktaba isiyoonekana. Nilimwekea nyingine yenye sauti ya mwanamke nisiyemjua, akagonga meza: hataki. Daktari anasema ugonjwa umerudi, zimebaki wiki, si miezi. Fanya hima.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mfikishie mama shikamoo yangu. Wewe na kusasisha vitu! Programu haibebi kila kitu. Mengine huazima kwenye maktaba za mfumo, yaani mafaili yanayotumiwa na programu nyingi, nayo huzitafuta kwa jina na toleo. Kwenye dirisha la amri andika ldd, kisha jina la programu. Utaona orodha ya maktaba inazohitaji, niambie ipi imekosekana. Usiguse kitu kingine.

Kuja siwezi. Mimi ndiye niliyemshawishi afanyiwe upasuaji, koo likapona, sauti ikaenda. Nitamtazamaje usoni?

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe, nimegusa. Iliyokosekana ni maktaba ya sauti: inatakiwa toleo la pili, hapa lipo la tatu. Nikalibandika la tatu jina la lile la pili. Programu ikafunguka, mama akatabasamu, akaandika. Ikatamka "Mwanangu," ikazimika. Alikaa akiitazama hadi chai ikapoa. Nimeumia sana.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu,

Pole. Jina umebadilisha, kilichomo ndani ni kilekile. Programu iliita kitu ambacho toleo la tatu halina. Futa hilo jina bandia. Toa toleo la pili kwenye diski ya zamani iliyo kabatini, liweke kwenye folda moja na programu, uielekeze ianze kutafuta humo. Amri nimeiambatanisha. Kisha rudia ldd.

Mama anaendeleaje? Usinifiche.

Dada yako

14 Machi

Dada,

Shikamoo. Imekubali, hakuna kilichokosekana. Mama amedhoofika, anaandika kwa kidole kimoja. Leo aliandika asubuhi nzima, nikadhani ananigombeza mimi. Akabonyeza, sauti yako ikajaa chumbani: "Mwambie dada yako upasuaji niliukubali mwenyewe. Nimechoka kuongea kwa sauti yake. Aje aongee mwenyewe."

Kila nikiingia, anabonyeza tena.

Mdogo wako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Niko njiani. Usijichoshe kuandika. Nitaongea mimi, wewe gonga meza tu.

Mwanao