Mvule Uliokwama kwenye Mkuyu

Fundi Chacha,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho. Kikuria changu kiliishia kwenye salamu, na Kijaluo chako kilikuwa cha kununulia omena, dagaa wa ziwani, soko la Ndhiwa, pamoja na lile neno moja ulilolipenda, "omera", yaani ndugu, rafiki. Uliniita omera miaka tisa. Tulipasua mbao, wewe juu ya gogo ukiongoza mstari, mimi chini shimoni nikivuta msumeno na kula unga wa mbao.

Mwaka umepita. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, maana kila mara nilianza na habari za mvua na mazao, kama mtu anayemwandikia mjomba. Leo nitaanza na siku ile.

Unakumbuka tulivyouzunguka ule mvule asubuhi. Mama mwenye shamba alikuwa ameshika karatasi ya chifu ya kuruhusu kukata, na fundi wa mashua kule Sori alikuwa anangoja mbao. Ulitazama mti ulivyoinama, ukasema utalala upande wa kijito. Tulipoukata haukulala. Ulijizungusha kwenye kisiki, ukaegemea ule mkuyu ulio kando ya njia, ukakwama kwenye panda. Nusu umesimama, nusu umelala. Na chini yake ndipo wanapopita watoto wa shule, na akina mama wanaokwenda kutafuta kuni.

Hukupiga kelele. Uliifunga njia kwa miiba pande zote mbili, ukaniambia, "Omera, mti uliokwama haubembelezwi. Naenda kwa Mzee Ogola kuomba maksai na mnyororo. Wewe simama njiani, mtu asipite. Usiuguse."

Usiuguse. Hilo tu ndilo nililoambiwa.

Ulipoondoka walipita wanaume wawili na baiskeli. Walisimama nje ya miiba, wakatazama juu. Mmoja akacheka, "Kumbe na nyinyi hushindwa na mti?" Mwenzake akasema labda msumeno wetu ni wa kukatia sukuma wiki. Wakaenda zao. Sikuwajua, na sijawaona tena. Lakini Chacha, uso ulinichoma. Nikatazama lile tawi la chini la mkuyu, lililokuwa usawa wa bega langu, nikaona kwamba ndilo lililoubeba mvule wote. Nikajiambia, nikilikata hili, mti utashuka, na fundi akirudi na maksai wa watu atanikuta nimekaa juu ya gogo nikitafuna muwa.

Nikaingia na shoka.

Sijui nilipiga mara ngapi. Mti ukaanza kulia, ile sauti unayoijua. Nikaacha kupiga. Wala usidhani sikukusikia. Ulikuwa umerudi ukiwatangulia maksai, na nilikusikia vizuri kabisa. "Okeyo, toka! Toka hapo!" Miguu ilikataa. Nilisimama tu nimeinua uso, shoka mkononi, kama mtu anayetazama ndege. Halafu nikausikia mkono wako kwenye kola ya shati langu, nikarushwa, nikaangukia miiba. Kitako cha gogo kikaponyoka kisikini na kufyatuka upande wetu kwa nguvu, na pale nilipokuwa nimesimama mimi ulikuwa umesimama wewe.

Yaliyofuata hapo siwezi kuyaandika. Nilikushika kichwa.

Mzee Ogola alipofika na maksai wake ulikuwa umeshatuacha. Watu wakajaa. Wakaniuliza, "Ilikuwaje?" Nami nikasema, "Alikuwa anakata tawi. Akateleza."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini nilipoulizwa mara ya pili nilirudia vilevile, na mara ya tatu niliongeza mambo.

Tulikupeleka nyumbani kwenu Kuria. Mdogo wako Marwa alisimama kaburini akasema, "Kaka yangu alikuwa hodari, lakini siku ile haraka ilimshinda." Wazee wakatikisa vichwa. Haraka, wewe! Wewe uliyeweza kukaa asubuhi nzima ukinoa msumeno jino kwa jino huku mimi nikinung'unika kwamba jua linakwenda. Wakakuzika na kosa langu. Kisha mkeo, Mama Gati, akaniletea ugali na nyama kwa mikono yake mwenyewe. "Kula, shemeji. Umepoteza pacha wako."

Nikala, Chacha. Nilikula nikamaliza.

Niliporudi Ndhiwa mvule ulikuwa bado unaning'inia. Kitako kilikuwa kimejichimbia ardhini, kichwa bado kimeshikwa na mkuyu, na lile tawi nililolikata nusu ndilo lililobeba uzito wote. Watu walisema mti umeonja damu, hakuna wa kuugusa. Wiki tano. Majani yakakauka, matawi yakawa kuni tayari, na wewe unajua jinsi kuni zilivyo mbali siku hizi. Akina mama wakaanza kusogeza miiba. Leo mmoja anavunja tawi la pembeni, kesho wawili wanaingia ndani zaidi. Nilishinda pale nikiwafukuza. Nikienda kula nakuta nyayo za watoto. Upepo wa ziwa ukianza mchana nasikia lile tawi likilia.

Mke wangu aliniuliza kwa nini siuangushi ilhali ninajua namna. Nikasema nangoja ruhusa mpya ya chifu, kwa kuwa mti umeua. Ukweli ni kwamba mti ukianguka watu wangesogea karibu, wangeliona tawi, na kwenye tawi kulikuwa na alama za shoka langu. Kwa hiyo niliuacha uning'inie juu ya vichwa vya watoto wa watu. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko hata uongo wenyewe.

Ndipo Mama Gati akaja. Alikuja kuchukua msumeno wako na kabari zako. Nilimfungia vizuri kwenye gunia, nikadhani ataondoka. Akasema, "Nipeleke alipofia."

Nilimsimamisha mbali, nje ya miiba, nikamwonyesha kwa kidole. Akaruka miiba. Kabla sijamshika alikuwa ameshafika pale chini kabisa, kwenye lile tawi. Akalipapasa. Mkeo amekuletea uji porini miaka mingapi? Anajua kusoma alama za shoka kuliko mafundi wengi. Akageuka akanitazama mkono wa kushoto, ule ninaoutumia.

"Chacha hakuwa wa shoto," akasema.

Nikamwambia, "Mama Gati, toka hapo. Nakuomba."

"Nani alikata hili tawi?"

Upepo ulikuwa umeanza. Niliona mvule ukitikisika kidogo, vumbi la gome likamwagika juu ya kitambaa chake. Nikamwambia atoke kwanza tutaongea. Akakumbatia lile tawi kwa mkono mmoja. "Sitoki mpaka useme. Sema ukiwa umesimama hapo hapo ulipo."

Nikasema. Nilisema yote, haraka haraka, napiga kelele kama niko ng'ambo ya mto: wale watu wa baiskeli, shoka, jinsi ulivyoniita, jinsi nilivyosimama, mkono wako kwenye kola yangu. Tawi lilikuwa linalia wakati wote huo. Nilimalizia na lile neno "akateleza", kwamba nililizua mimi.

Alitoka polepole, akaruka miiba, akaja mpaka mbele yangu. Nilingoja anipige. Akasema, "Kesho utauangusha huu mti. Kesho kutwa tunakwenda wote kwa Marwa, uyaseme haya mbele ya wazee."

Basi nikauangusha kama ulivyonifundisha. Niliomba maksai wanne wa Mzee Ogola, nikafunga mnyororo kwenye kitako, nikaunga kamba mbili ndefu, nikawaondoa watu wote mpaka ng'ambo ya kijito. Nilikagua pa kukimbilia, nikakagua tena. Tukavuta kitako kinyumenyume, kidogo, tukapumzisha, tukavuta. Mara ya tatu mnyororo ulichomoka, ikabidi mtu aingie kuufunga upya. Niliingia mimi. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Nilifunga nikiwa nasikia pumzi zangu, nikatoka bila kukimbia, maana ulikuwa unasema anayekimbia hujikwaa. Maksai wakavuta. Mvule ukashuka wote, ardhi ikaruka, na wale wanawake ng'ambo ya kijito wakapiga nduru.

Mbao zake hakuna aliyezitaka. Fundi wa mashua wa Sori alitikisa kichwa, mama mwenye shamba akasema hazitaingia nyumbani mwake. Nikamuuliza Mama Gati. Akajibu, "Basi wapasulie hao wanawake kuni. Uliwaacha wakipita chini yake." Mvule mzima, Chacha, wa kuni! Najua ungeshika kichwa. Nilipasua kwa kabari na shoka siku tisa, na kila jioni walikuwa wanabeba mizigo.

Lakini kabla ya hapo tulikwenda kwenu. Wazee walikaa, Marwa akasimama mlangoni na panga, alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe. Nikasema. Mzee mmoja akaniuliza, "Ulikuwa unaogopa nini hata ukamzulia maiti?" Nikamjibu, "Siku ile niliogopa kuchekwa. Baadaye niliogopa nyinyi." Marwa akaingia hatua moja, panga mkononi. Mama Gati akasema kitu kwa Kikuria, maneno machache tu, sikuyaelewa. Marwa akalitupa panga uani. Akaniambia kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "Kaka yangu sasa amelala vizuri. Wewe ondoka. Usikanyage hapa mpaka nikuite."

Hajaniita bado. Simlaumu.

Zile mvua za Elnino zilijaza shimo letu, likawa bwawa la vyura, kingo zikabomoka. Kule Rangwe kuna mtu ameleta msumeno wa injini. Anaangusha kwa saa moja mti ambao sisi tungeuzunguka siku nzima, na husikii hata mti unasema nini. Mimi nimechimba shimo jipya kwa Mzee Ogola. Kijana wake mkubwa, ana watoto wawili sasa, ndiye ninayepasua naye. Yeye yuko chini, mimi niko juu. Siku ya kwanza nilipopanda juu ya gogo nilishuka tena, nikaenda kukaa nyuma ya kichaka mpaka macho yakakauka. Sikujua kwamba ukiwa juu humwoni mwenzako, unaona mikono yake tu. Miaka tisa uliniona hivyo.

Mama Gati ananitumia salamu wakati wa soko. Si maneno mengi. Anasema Gati anaanza darasa la saba na ameanza kuuliza baba alikufaje. Nimemjibu asimwambie, aniachie mimi. Kwa hiyo ahadi yangu ni hii. Siku Marwa atakaponiita, iwe ni masika, iwe ni kwa miguu, nitakuja, nitaketi mbele ya binti yako na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba baba yake hakuteleza. Kwamba aliingia mahali ambapo mimi nilishindwa kutoka. Na asiponiita mwaka huu, nitangoja mwakani.

Lala salama, Chacha.

Okeyo