Wameandika Nilimwacha Mgeni kwa Ajili ya Uhuru

Malindi, Mjini Unguja

Mdogo wangu Mize,

Nnakusalimu wewe na wanao hapo Pemba. Huo mguu wako umepoa? Mimi mzima, kikohozi cha chokaa tu. Barua hii nnaiandika mwenyewe. Herufi zote nshazijua, wenzangu kwenye kisomo bado wanavunja penseli.

Sasa sikiliza upuuzi. Tawi la chama limetuita wazee tuhadithie tulivyodai uhuru, iandikwe, ibandikwe ukutani. Waongo watupu! Foum, muuza kahawa, anasema yeye ndiye mwanzilishi. Yule! Wakati wa siasa alikuwa na kadi za vyama viwili, na bunduki zilipolia alijificha siku tatu nyuma ya magunia ya karafuu. Nkamwambia mbele ya watu, "Foum, wewe ulianzisha kulala." Hilo tawi nimelijenga mimi kwa mikono hii, na mpaka leo halina ufa.

Karani akaniuliza, "Na wewe babu, ulitoa nini?"

Hasira zikanipanda. Nkasema, "Nilitoa mke."

Unakumbuka siku zile, wa chama hiki na wa chama kile hata maiti tulikuwa hatuzikani. Mke wangu Mgeni alikuwa na kadi ya chama cha kwao, si changu. Nkamwambia airudishe. Akasema, "Kadi siirudishi. Nirudishe mimi kwetu." Nkampa talaka, akapanda meli akaja huko.

Basi wakapiga makofi! Karani kaandika: mzee huyu alimwacha mkewe kwa ajili ya uhuru. Na Foum anapiga makofi, yeye ana mke anampikia. Mimi nkarudi chumbani nkala muhogo wa jana.

Asubuhi nkamwendea karani, nkamwambia afute. "Babu, historia haifutwi." Mtoto wa juzi ananifundisha mimi!

Mize, talaka ilikuwa moja. Mimi si mpumbavu kama waliotoa tatu. Nenda kwa Mgeni. Najua hajaolewa, nani atamweza? Mwambie nnataka kumwoa upya, na ya kadi simuulizi tena. Akikubali nnakuja na meli ya kwanza, halafu nimlete mpaka kwenye ukuta wao, wamsome wakimtazama.

Msalimu mumeo, na mama yake Mgeni aliyeniita kichwa kigumu. Alisema kweli, lakini usimwambie nimekubali.

Ni mimi kaka yako Makame, mwashi.

Mgeni akikataa, ichome barua hii. Sikuomba kitu.