Kisanduku cha Dini

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Hujambo huko? Wifi ameshapata nguvu? Na huyo mgeni wetu wa wiki sita, anawaacha mlale? Sisi tu wazima. Mguu wa mama bado unamsumbua, ila mdomo haujaugua hata siku moja.

Nina habari ambayo sikutaka uipate kwa simu. Ombi la viza la mama limekataliwa. Barua yenyewe ina mistari mitatu: kwa amri ya rais wa huko, watu wa dini yetu kutoka nchi hii hawaingii. Hawakutaja umri wake wala mjukuu.

Najua utauliza kama nilifanya ulivyoniagiza. Nilifanya. Kwenye kisanduku cha dini cha ile fomu ya viza niliandika dini ile nyingine, isiyokatazwa. Tulipofika dirishani pa ubalozi, mama akataka nimsomee fomu yote kabla hajatia sahihi. Nikasoma mbiombio, nikaruka hapo. Akaniuliza mbona nimemeza mate.

Ikabidi niseme. Hakugomba. Aliazima kalamu ya karani, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika dini yake juu, kwa ule mwandiko wake wa kupinda. Karani akaipokea hivyohivyo. Mama akaniambia, "Mwambie mdogo wako asinikasirikie. Nikiingia kwa uongo, huyo mtoto atakuwa amepakatwa na nani?"

Nilimnunia njia nzima, nikufiche nini. Sasa simnunii tena.

Mwanasheria wako anayeipinga amri hiyo mahakamani asichoke. Kama kweli majaji watakaa kuamua iwapo rais anaweza kuwafungia watu mlango kwa ajili ya dini yao, kwa sahihi yake peke yake, basi tutangoja. Wewe usithubutu kuja. Ukitoka hawatakurudisha ndani, na mtoto anakuhitaji kuliko sisi. Hilo kalisema mama mwenyewe, kisha akajifanya anatafuta mkasi.

Shangazi anakusalimu, na jirani yetu fundi saa pia. Wifi mpe pole na hongera zangu.

Mama ana ombi moja. Umpime mtoto kwa uzi, toka utosini hadi kisiginoni, uukate, uutie kwenye bahasha. Nilimwambia vipimo vya kushonea utatuma kwa simu. Kumbe hashoni kitu. Anataka kuulaza mapajani pake, ajue mtoto angefika wapi.

Mungu awalinde nyote watatu, na awalainishe mioyo wenye kalamu.

Mimi dada yako nikupendaye mno,
yule uliyekuwa ukimwita Polisi