Stendi ya Kinanda cha Mama Esta

Jumatatu, 4 Oktoba 2004
Kazini ghalani tangu asubuhi. Kupakia, kufunga plastiki, kupakia tena. Mgongo unauma lakini namshukuru Mungu nina kazi.

Jana ibadani meza ya kupigia pasi ilijikunja katikati ya wimbo. Ndiyo tunayowekea kinanda. Mke wangu akakidaka kinanda kifuani kama mtoto. Watu wakacheka, hata mimi kidogo. Yeye hakucheka. Amemwambia mchungaji atafute mpigaji mwingine. Kutoka kanisani Haltom City mpaka nyumbani Mesquite, hapa Texas, kinanda alikipakata mapajani.

Sauti yake haijarudi tangu alipopasuliwa goita shingoni, imebaki ya kukwaruza. Yeye aliyekuwa akiongoza kwaya! Kinanda ndicho kilichombakia. Kikiondoka na hicho, sijui. Naogopa.

Jumatano, 6 Oktoba
Bosi kaniruhusu kuchukua mbao za paleti za mizigo zilizovunjika. Mtu mwema. Nitatengeneza stendi. Nimemwambia binti yetu Esta. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba nisijisumbue, mama harudi tena pale mbele. Iliniuma. Nikaendelea kung'oa misumari.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nilitaka kumpima bila yeye kujua. Akiwa anaosha vyombo nikajipenyeza nyuma yake na futi, sakafuni mpaka kwenye kiwiko.

"Baba Esta, unanipimia jeneza?"

Nikasema ndiyo, na mbao nimepata za bure. Akacheka. Wiki nzima sikuwa nimekisikia kicheko hicho. Asante Yesu.

Jumapili, 10 Oktoba
Mama Esta kakaa kiti cha nyuma kabisa. Kwaya iliimba bila kinanda, sauti ikapanda, ikapanda, mpaka kina mama wakaishiwa pumzi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumanne, 12 Oktoba
Stendi ilikuwa inacheza. Nikakata mguu mmoja, ukacheza mwingine. Mwishowe nikagundisha kipande cha kandambili chini ya mguu mfupi. Ikatulia.

Mbele nimeweka ukingo kinanda kisiteleze. Chini, ubao wa kushikilia miguu. Miguu ya stendi inafunguka, iingie kwenye buti la gari. Msasa, vanishi. Baraza lote linanuka.

Mama Esta akatoka, akapapasa ubao, akarudi ndani. Nikajua nimeshindwa. Kumbe kafuata kinanda. Akakiweka, akapiga kidogo, viwiko vimekaa sawasawa. Niliingia bafuni nikalia.

Jumamosi, 16 Oktoba
Kasuka nywele. Labda kesho atapiga. Mimi siulizi.

Jumapili, 17 Oktoba
Alivaa gauni la kitenge na viatu vyeupe vyenye kisigino kirefu. Nilimwona hivyo nyumbani, nikaona amependeza, basi. Akili yangu haikwenda mbali.

Akasimama kwenye stendi. Iko chini! Ameinama kama mtu anayefua kwenye beseni. Nilimpima akiwa na kandambili za jikoni, mjinga mimi. Miaka yote hii sijawahi kumwona akienda kanisani bila kisigino.

Kanisa zima linamtazama. Uso wake ukawa ule wa siku ya meza ya pasi. Akatoa mikono kwenye kinanda. Nikainamisha kichwa, nikaomba kwa maneno mawili tu. Asiondoke, Bwana.

Nilipoinua kichwa alikuwa anavua kiatu. Kimoja, halafu cha pili. Akavipanga kwenye ule ubao wa chini, polepole, kama yuko kwake. Akasimama peku, akanitazama.

"Sasa inatosha," akasema. Kwa ile sauti yake ya kukwaruza, mbele ya watu wote.

Akapiga nyimbo zote. Kwaya haikupotea hata mara moja.

Jumatatu, 18 Oktoba
Kazini. Mvua kidogo.

Nilimwambia nitaongezea vipande chini ya miguu, ni kazi ndogo. Akasema niache hivyo hivyo.

Jioni nilifungua buti nitoe mafuta ya kupikia. Viatu vyeupe bado vimo, juu ya mbao za stendi. Nikachukua mafuta, nikaviacha pale vingoje Jumapili, nikafunga.