Mkondo Siku za Maji Mafu

Jumatano, 12 Juni
Hesabu zimekubali! Mitambo ya kuzalisha umeme kwa mkondo wa bahari italipa, tena umeme wake utakuwa nafuu kuliko wa haya majenereta ya dizeli yanayotutia uziwi. Dada kanikumbatia mbele ya wafanyakazi wake wote. Mradi ni wake, aliacha kazi bandarini kwa ajili yake. Mimi kanichukua nipime kama una faida. Jumanne bodi inaamua kama utajengwa.

Jumamosi, 15 Juni
Nimetaka niuone mkondo wenyewe. Mimi! Ninayetapika hata kwenye kivuko. Nahodha wa boti ya vipimo kakataa: leo maji mafu, hayajai vya kutosha, boti itakwama kwenye fungu la mchanga. Wao hutoka bamvua tu, maji yakijaa sana. Siku zote? Siku zote, ndio utaratibu.

Nikakaa chini palepale gatini. Bamvua ndipo maji yanapokwenda mbio. Vipimo vyote nilivyopewa ni vya siku hizo. Sawa na kupima ulaji wa mtu siku za karamu tu.

Jumapili, 16 Juni
Nimepanda rasi, nikautazama mkondo kutoka juu. Chupa tupu inaelea, inajikokota kana kwamba kuna mtu inamsubiri. Kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Nimepiga hesabu upya, nikarudia, nikarudia. Umeme wetu ni ghali kuliko wa dizeli.

Jumatatu, 17 Juni
Nimemwambia dada. Nilidhani ataanguka. Akakoroga chai yake, akasema anajua. Tangu mwaka jana — anajua! Eti bodi ikisubiri vipimo vipya, mradi utakufa; ukishajengwa, mengine yatarekebishwa.

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinichukua mimi?

“Kwa sababu wewe huendi baharini, Kifaranga.”

Sijala tangu hapo. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki.

Jumanne, 18 Juni
Nimejifungia chooni, jirani na ukumbi wa bodi. Hesabu mpya ninazo mfukoni. Sauti ya dada ilikuwa inapenya ukutani, tamu: vipimo vyote vimehakikiwa na mdogo wangu. Mwenyekiti akasema anataka kunisikia mwenyewe.

Kisha hodi, taratibu, kama alivyokuwa akigonga nilipokuwa mdogo nikinuna.

“Kifaranga. Toka, wanakungoja.”

Naviona viatu vyake chini ya mlango. Haondoki.